Umebadilisha injini na gari bado inachemsha? Iulize kwanza inachemsha wapi

Leo tunaacha kidogo habari za mtaji na daftari la madeni, tunaongea gari. Najua wengi humu mna Hiace, Noah au kirikuu ya kubebea mzigo, na gari ikilala, biashara nayo imelala.

Mimi nauza spea hapa Kibiti. Ufundi sijasomea darasani, nimeishia fomu foo, haya nimeyaokota kwa kusimama na mafundi na kuona nini kinarudishwa dukani. Swali linalonijia sana ni hili: "Nimetia injini nyingine, mbona bado inachemsha?" Mtu katoa hela ya VICOBA, kaifuata injini Dar, kamlipa fundi, halafu safari ya kwanza ya Nyamisati mshale unapanda kwenye nyekundu, nyuma ana makasha ya kamba kwenye barafu. Barafu haimsubiri fundi. Ikiyeyuka njiani, ule mzigo unauza kwa bei ya huruma au unamwaga.

Sasa sikia. Kuna kaka mmoja mteja wangu, Hiace yake ilikuwa na injini ya 2L, ikafa. Akaweka 5L. Hizi ni ndugu, zinaingia bila kuchomelea sana, ndiyo maana watu wanazipenda. Lakini 2L ni cc 2,446 na 5L ni cc 2,986. Injini kubwa ikifanyishwa kazi inatoa joto zaidi, na rejeta imebaki ile ile. Akaanza kuchemsha. Fundi wa kwanza akang'oa thamostati akaitupa. Wa pili akabadilisha wota pampu. Wa tatu akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, leta hela tufungue. Hapo ndipo akaja kuulizia bei ya gasketi, nami nikamuuliza swali moja tu kabla sijaishusha kwenye shelfu: inachemsha wapi?

Akasema kwenye lami, kutoka Bungu mpaka Mbagala, mshale umetulia hata akiwa na mzigo. Inachemsha kwenye ile barabara ya vumbi na tope ya kwenda Nyamisati, akitembea gia ya kwanza na ya pili, au akisimama foleni Rangi Tatu.

Jibu hilo linakuonyesha pa kuanzia. Gari ikiwa mbio, upepo wa njiani unaipoza rejeta wenyewe. Ikienda polepole, upepo unatoka kwa feni peke yake. Kwa hiyo gari inayotulia kwenye lami na kuchemsha kwenye tope, anza na feni. Na kwenye hizi injini za L feni inazungushwa na mkanda kupitia kilachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, izungushe feni kwa mkono. Ikiserereka mizunguko mingi kama feni ya mezani, kilachi imekufa. Inatakiwa ikusumbue kidogo. Yake ilikuwa inaserereka, na ile kava ya plastiki inayozunguka feni haikuwepo kabisa, ilibaki gereji siku ya kubadilisha injini kwa sababu iliwasumbua kuifunga. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta. Watu wanaidharau ile plastiki. Msiidharau.

Ikiwa ni kinyume chake, yaani mjini polepole inatulia lakini ukibeba mzigo ukakanyaga kwenye lami inapanda, basi rejeta ndiyo ya kushuku: imeziba ndani, mapezi yamejaa tope, au ni ndogo kwa injini uliyoweka. Tope lililokauka lisafishe kwa maji ya nguvu ndogo ukimwagia kutoka upande wa injini kwenda nje.

Na ikichemsha ndani ya dakika chache tu tangu uiwashe, hata imesimama nyumbani, kwanza fikiria hewa iliyobaki ndani ya njia za maji. Hii ni ya kawaida sana baada ya kubadilisha injini, hasa kwa zile Hiace na Noah ambazo injini iko chini ya siti na mabomba ni marefu. Gari ikiwa ya baridi, ipaki pua ikiangalia juu mlimani, fungua kifuniko cha rejeta, weka hita kwenye joto la mwisho, washa, ijaze maji taratibu huku unaminyaminya mpira wa juu. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, unaongeza. Yakiisha na mpira ukawa wa moto, funga. Yasipoisha, na ukikanyaga mafuta yanazidi kuchemka kama uji, hapo sasa gasketi au silinda hedi yenyewe inaingia kwenye mazungumzo. Injini ya mtumba hujui ilichemshwa mara ngapi huko ilikotoka.

Thamostati. Mafundi wetu wanapenda kuitoa, eti nchi yetu joto. Lakini thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini ambacho kikifunguka maji ya moto yaende kwenye rejeta, kinaziba njia ya mkato inayoyarudisha kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanazunguka bila kufika kwenye rejeta. Kwa hiyo unaweza kuongeza tatizo kwa kutoa kitu ambacho bei yake ni kilo mbili tatu za kamba. Weka mpya, ipime kwenye sufuria ya maji yanayochemka kwanza uione ikifunguka, na ile pini ndogo ikae juu.

Kwa watu wa delta, nyie wa Mbuchi, Salale na kote ambako maji yana chumvi: msitie maji ya kisima cha chumvi kwenye rejeta. Silinda hedi ya hizi injini ni aluminiamu, chumvi inaila taratibu, mpaka siku unafungua unakuta vishimo. Kama kulanti huna, maji ya mvua uliyokinga kwenye bati safi ni bora mara nyingi. Manjano na mayai ya kuzibia rejeta waachieni wapishi.

Kifuniko cha rejeta nacho kiangalie. Kikishika presha ya 0.9 maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Mpira wake ukichoka, yanachemka kwenye 100 na kumwagika. Na kamwe usikifungue gari ikiwa ya moto, wala usiimwagie injini maji ya baridi, silinda hedi inaweza kupasuka. Isubiri zaidi ya nusu saa.

Yule kaka alinunua kilachi ya feni, akaitafuta kava yake gereji akaipata, akarudisha thamostati. Gasketi sikumuuzia. Nyamisati anakwenda na kurudi, ila nimemwambia akipata hela atafute rejeta pana kabla ya msimu wa mizigo mikubwa.

Ukiniuliza hapa, usiandike tu "gari inachemsha". Andika injini ya zamani na ya sasa, inachemsha lami au tope, inachukua dakika ngapi, unaongeza maji kiasi gani, na kitu gani fundi alishatoa.