Mabaki ya Dawa Kwenye Mboga na Maji: Maabara Huyatambuaje?

Sukumawiki iliyonyunyiziwa dawa jana na ile iliyonyunyiziwa mwezi uliopita zinaweza kufanana kabisa sokoni. Mara nyingi mabaki ya dawa za wadudu hayaonekani kwa macho wala hayana harufu. Ni maabara pekee inayoweza kusema kuna dawa gani na ni kiasi gani. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini majibu yake hutegemea kile mkulima alichofanya shambani.

Funzo la mishiri

Mwaka wa 2013, Umoja wa Ulaya uliamuru asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka Kenya zipimwe zikiingia, baada ya mabaki yaliyozidi kiwango kupatikana. Dawa iliyosumbua zaidi ilikuwa dimethoeti.

Ulaya ikiwa haijaweka kiwango maalum cha dawa fulani kwenye zao, hutumia miligramu 0.01 kwa kila kilo. Hiyo ni miligramu 10 katika tani nzima, uzito mdogo kuliko punje moja ya mchele.

Sampuli kwanza

Jani moja haliwezi kusimamia shamba zima. Anayechukua sampuli huchuma sehemu mbalimbali za shamba, au hutoa kidogo kidogo katika magunia kadhaa, hadi apate kilo moja au mbili. Mboga haioshwi. Hutiwa kwenye mfuko safi, huandikwa mahali na tarehe, kisha husafirishwa ikiwa baridi.

Maji huwekwa kwenye chupa ya glasi ya kahawia, kwa sababu mwanga huharibu baadhi ya dawa na plastiki hunyonya nyingine. Chupa iliyowahi kubeba kemikali haifai kamwe.

Ndani ya maabara

Hapa nchini, shirika la KEPHIS lina maabara ya kazi hii jijini Nairobi. Kwa kawaida hatua huwa hizi:

1. Mboga husagwa hadi ilainike, kisha hupimwa takriban gramu 10.
2. Huongezwa kiyeyushi kiitwacho asetonitrili pamoja na chumvi, na kutikiswa kwa nguvu. Dawa huhamia kwenye kiyeyushi.
3. Mchanganyiko huzungushwa kwa kasi ili makapi yatengane, kisha husafishwa kuondoa rangi na mafuta ya mmea.
4. Tone dogo huingizwa kwenye mashine yenye mrija mwembamba. Kila kemikali hupita kwa mwendo wake na kutoka kwa wakati wake. Mwishoni, chombo kingine hupima uzito wa vipande vya molekuli zake.

Muda na uzito vikilingana na vya dawa inayojulikana, jina lake huthibitishwa. Kiasi hupatikana kwa kulinganisha na kipimo kilichotayarishwa makusudi. Wataalamu pia hupima mboga isiyo na dawa, na nyingine waliyoitia dawa kwa kiasi wanachokijua, ili kuhakikisha mashine haiwadanganyi.

Kwa maji, lita moja inaweza kupitishwa kwenye kichujio kinachonasa dawa, kisha dawa hiyo ikatolewa kwa kiyeyushi na kubakizwa mililita moja tu. Kwa njia hiyo, kilichokuwa kidogo mno huongezeka mara 1,000 na kusomeka.

Maabara haisafishi chakula

Kipimo hutoa habari tu, hakiondoi sumu. Dimethoeti, kwa mfano, huingia ndani ya mmea na sehemu yake hugeuka kuwa omethoeti, ambayo ni kali zaidi. Kuosha mboga hupunguza kilicho juu ya jani, si kilicho ndani. Kwa hivyo, kinga huanzia shambani:

- Soma kibandiko. Tumia dawa iliyoidhinishwa kwa zao hilo, kwa kipimo kilichoandikwa.
- Heshimu siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, hata kama mnunuzi yuko langoni.
- Andika tarehe ya kunyunyiza, jina la dawa na kiasi ulichotumia.
- Usioshe pampu mtoni wala karibu na kisima, na usitumie mikebe ya dawa kuwekea maji.
- Nyumbani, osha mboga na matunda kwa maji yanayotiririka kabla ya kukatakata.

Ukiwa na shaka kuhusu dawa, zao au chanzo cha maji, muone afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kuvuna au kuuza.