Tarumbeta Ziache Mwisho: Namna ya Kuisikiliza Feast of Wire

Anayekutana na Feast of Wire kwa mara ya kwanza hukimbilia tarumbeta, na simlaumu. Katika kipande cha Close Behind zinapolia kwa pamoja, mwili unasisimka kabla akili haijajua kinachoendelea. Hata hivyo nakushauri uziache kwa sasa. Albamu hii ya kundi la Calexico, iliyotoka mwaka 2003, ina mengi chini ya hizo tarumbeta, na ukianza nazo utayakosa.

Usiisikilize kwa spika ya simu. Vitu viwili vinavyoibeba, yaani besi kubwa ya kusimama na brashi juu ya ngozi ya dramu, vitapotea kabisa. Hata hedifoni za bei nafuu zinatosha. Kisha zima ule utaratibu wa kuchanganya nyimbo. Vipande ni 16, vingine vifupi mno na visivyo na maneno, kama Stucco, na vimepangwa hivyo kwa makusudi. Wengi huviruka wakidhani ni vya kujazia nafasi. Ukiviruka unaondoa ule uwazi unaofanya nyimbo zinazovifuata zisikike kubwa.

Mzunguko wa kwanza mpe John Convertino peke yake. Ndiye mpiga dramu, na ndiye aliyeanzisha kundi hili pamoja na Joey Burns, mwimbaji na mpiga gitaa, baada ya wote wawili kupiga katika kundi la Giant Sand. Mara nyingi Convertino huweka fimbo kando na kutumia brashi, akipapasa pale ambapo mpiga dramu wa roki angegonga. Sikiliza anavyochelewa kidogo, anavyoacha pengo. Watu wakisema muziki huu una jangwa ndani yake, kwa maoni yangu wanasikia hilo pengo. Wimbo wa kufungulia, Sunken Waltz, unahesabika moja-mbili-tatu. Hesabu kwa kidole mezani huku ukifuata gitaa na kodiani. Aliyekulia kwenye taarabu atakuwa mwepesi hapa, maana kodiani na fidla anazijua.

Mzunguko wa pili fuata gitaa la stili. Hulazwa bapa, mpigaji hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na kwa pedali na magoti hupandisha au kushusha noti. Ni ala ya muziki wa kantri wa Marekani, na hapa inapigwa na Paul Niehaus. Katika Whipping the Horse's Eyes utaisikia bila kitu cha kuifunika. Baada ya hapo nenda Black Heart, uone nyuzi za fidla zinavyochukua huzuni hiyohiyo na kuipanua polepole.

Sasa simamisha albamu, usikilize kundi la Mariachi Vargas de Tecalitlán, maana Calexico wamechota kwenye muziki wa mariachi. Hatua hii usiiruke. Mariachi ilizaliwa magharibi mwa Meksiko, pande za Jalisco, na kwa muda mrefu ilikuwa muziki wa nyuzi. Tarumbeta zilikuja kuzoeleka katika karne ya 20. Tafuta vihuela, gitaa dogo la nyuzi tano linaloshika mdundo, na guitarrón, gitaa nene la nyuzi sita linalotoa besi. Piga makofi mawili, kisha matatu, katika muda uleule: nyimbo nyingi za Jalisco zinacheza kati ya hesabu hizo mbili. Ukishalizoea hilo, utagundua Calexico wamechukua nini na wameacha nini. Kwa sehemu kubwa wameacha uimbaji wa mariachi, wa sauti kubwa itokayo kifuani. Burns anaimba chini, karibu kunong'ona.

Mariachi hawakuiokota mbali. Kundi linatoka Tucson, Arizona, takriban kilomita 100 kutoka mpakani, mji uliokuwa wa Meksiko hadi mwaka 1854. Huko ni muziki wa nyumbani. Mwimbaji Linda Ronstadt, mzaliwa wa Tucson, alitoa albamu nzima ya nyimbo za mariachi mwaka 1987. Hata jina la kipande Guero Canelo katika albamu hii ni la mkahawa maarufu wa hapo mjini.

Ndipo urudi kwenye tarumbeta, kupitia Across the Wire. Soma maneno yake kwanza. Wimbo huu unahusu watu wanaovuka mpaka kuingia Marekani, na ndani yake yumo tai juu ya mpungate, nembo ya bendera ya Meksiko. Tarumbeta hapa zinang'aa kwa shangwe juu ya safari ya hatari, na huo mgongano ndio unaonifanya niuhesabu kuwa wimbo bora wa albamu. Fika hadi Crumble, ambako wanapiga jazi waziwazi, kisha No Doze, iliyo tulivu na ndefu kiasi. Usiikatishe.

Ukiipenda, nenda The Black Light ya mwaka 1998, yenye vipande vingi zaidi visivyo na maneno. Kisha tafuta video ya onyesho lao katika ukumbi wa Barbican, London, wakiwa na Mariachi Luz de Luna wa Tucson. Mle utaona kwa macho nani anapiga nini, na vihuela na guitarrón utazitambua mara moja.