Somo la Robo Hii: Nani Anakula Nani Katika Shamba la Muhogo?

Katika robo hii tumepokea maombi matatu ya fedha za dawa ya wadudu, mawili kutoka Kasulu na moja kutoka Kibondo. Yote yanahusu muhogo, na yote yameandikwa karibu kwa maneno yaleyale: wadudu weupe wamevamia vilele. Bado hatujayapitisha. Somo hili linaeleza sababu, na pia kazi tunayowaomba mfanye kabla hatujakaa tena kikao.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Misimu miwili iliyopita ombi kama hili lilitufikia mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekolea, nasi tukalipitisha ndani ya wiki moja bila hata kumwita bwana shamba. Dawa ikanunuliwa, mashamba yakapuliziwa, wadudu wakadondoka. Katika taarifa kwa wafadhili tuliandika idadi ya lita na idadi ya kaya, tukaita mafanikio. Haikupita miezi miwili wadudu wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Jirani na mashamba hayo palikuwa na shamba la mama mjane ambaye hakuwa na fedha ya kuchangia dawa. Lake ndilo lililokuwa na afya kuliko yote. Wanakamati walipotuuliza sababu tulikosa jibu. Mzee mmoja alisema mama yule ni mwombaji sana. Huenda, lakini lipo jambo jingine tulilopaswa kulijua.

Watu wa Kigoma tunaelewa vizuri habari za ziwani. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huliwa na vijidudu vya majini, vijidudu huliwa na dagaa, dagaa huliwa na migebuka, nasi tunakula wote wawili. Huo ni mnyororo wa chakula. Shambani nako upo, ila umepindana zaidi, ndiyo maana wataalamu huuita utando. Ukikata uzi mmoja wa utando, nyuzi nyingine hulegea mahali usipotazamia.

Mdudu mweupe mwenye unga anayekaa kwenye vilele vya muhogo huitwa kidung'ata. Hufyonza utomvu, na mate yake huufanya ukuaji wa kilele udumae, majani yakajikunja na kufungamana kama ngumi. Wote ni majike, na huzaa bila dume. Kwa hiyo mmoja tu aliyebebwa kwenye pingili za mbegu anatosha kuanzisha kizazi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Hapa Afrika alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, na katika miaka ya 1980 alikuwa ameshafika Tanzania. Kwao hakuwa tishio kubwa. Huku alikuwa tishio kwa sababu alikuja peke yake, maadui zake wakabaki nyumbani.

Watafiti wakaenda kuwatafuta maadui hao. Mwanzoni walikuta kaskazini mwa Amerika ya Kusini kidung'ata aliyefanana sana na huyu wetu, pamoja na nyigu wanaomla. Walipojaribiwa, nyigu hao hawakuweza kuzaana juu ya kidung'ata wa Afrika, kumbe ilikuwa ni aina nyingine. Tunalisisitiza hili kwa kuwa wengi wetu tunasema "mdudu anakula mdudu" kana kwamba wote ni wamoja. Viumbe hawa wadogo huchagua chakula kuliko hata watoto wetu.

Mwaka 1981 kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo, urefu wake ni kama milimita moja na nusu. Baada ya kukaguliwa huko Uingereza, nyigu huyu alipelekwa kwenye taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, mjini Ibadan, Nigeria, akaachiwa mashambani mwaka huohuo. Kazi hiyo iliongozwa na Hans Herren, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, ambaye mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Kwa baadhi ya maeneo nyigu walimwagwa kutoka kwenye ndege. Tanzania nayo ililetewa nyigu hawa.

Nyigu huyu hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Funza anayetoka humla mwenyeji wake kwa ndani hadi linabaki gamba la kahawia lililovimba na kukakamaa, kisha nyigu mpya hutoboa tundu na kutoka. Nyigu mzima naye huwachoma vidung'ata wengine na kunywa majimaji yao.

Watafiti walijuaje kwamba ni nyigu anayepunguza vidung'ata, na si mvua? Kule Nigeria walifunika baadhi ya vilele kwa mifuko ya kitambaa iliyofungwa, na vingine kwa mifuko iliyoachwa wazi. Ndani ya mifuko iliyofungwa, ambamo nyigu hakuweza kuingia, vidung'ata waliongezeka mara kadhaa kuliko kwenye ile iliyo wazi. Jaribio la pili ndilo lililotuumiza tuliposoma. Walipulizia dawa kwenye shamba moja na kuliacha lingine. Lililopuliziwa ndilo lililojaa vidung'ata, kwa kuwa dawa iliua nyigu kwa urahisi zaidi. Hiyo ndiyo habari ya shamba la mama yetu mjane.

Wapo na wengine kwenye utando huu. Sisimizi hunywa majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata, nao huwalinda kama mchungaji na ng'ombe wake. Wapo nyigu wengine wanaomla nyigu rafiki yetu. Na wapo wadudu wa mviringo wenye mgongo wa kung'aa, wanaokula vidung'ata, ambao watoto wao huvaa unga mweupe uleule. Mkulima huwaona, huwadhania ni vidung'ata wakubwa, na kuwaponda kwa vidole. Tumeyafanya hayo hata sisi tuliosoma.

Kwa wafadhili wetu tuongeze jambo la fedha. Mwaka 1988 mchumi Norgaard alikadiria kuwa kila dola 1 iliyotumika katika kazi hii ya nyigu ingeleta faida ya dola 149. Nyigu akishaota mizizi shambani hahitaji bajeti ya mwaka unaofuata. Dawa inahitaji.

Hata hivyo tusidanganyane. Batobato kali na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, yanayoenezwa na inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa. Nyigu tuliyemwelezea hagusi inzi weupe. Huko dawa yake ni pingili safi na aina za muhogo zinazostahimili, na ombi la pingili tutalipokea wakati wowote.

Sasa kazi yenyewe. Kila kamati iliyoomba dawa ichague mashamba matano, mawili kati yake yawe hayajawahi kupuliziwa. Asubuhi, kabla ya jua kali, kateni vilele vitatu vyenye wadudu kutoka kila shamba. Wekeni vilele vya kila shamba kwenye chupa yake safi ya plastiki, funikeni mdomo kwa kipande cha kanga kuukuu na kufunga kwa mpira, kisha wekeni kivulini. Kwa muda wa wiki tatu hesabuni magamba ya kahawia na nyigu watakaotoka. Mtawaona wakitembea juu, upande wenye mwanga. Mahali nyigu watakapoonekana, dawa haitanunuliwa. Mahali ambapo hawataonekana kabisa, tutakwenda pamoja na bwana shamba kutazama kabla ya kuamua. Chupa ziletwe ofisini zikiwa na jina la usharika, jina la kitongoji, tarehe ya kukata vilele, na kama shamba lilipuliziwa au la.