Kukagua Ukumbi wa Chuo cha Kihistoria Kabla ya Kulipa

Mkazi wa Kalenga hahitaji kufundishwa thamani ya mahali penye historia. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, iliyoangushwa na Wajerumani mwezi Oktoba 1894, na hapo ndipo lilipo jumba la makumbusho linalohifadhi fuvu lake lililorejeshwa mwaka 1954. Mjini Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kinabeba jina lake. Majengo yake nayo yana simulizi: yalianza katika miaka ya 1950 yakiwa shule ya watoto wa Kizungu, yakawa sekondari baada ya Uhuru, kisha chuo cha ualimu, na tangu 2005 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Si ajabu wazazi wakitamani binti yao aagwe mahali pa namna hiyo.

Somo hili halihusu chuo kimoja. Linahusu desturi tunayoiona mara kwa mara: kamati ya harusi huvutiwa na lango, miti na kuta za kale, ikatoa malipo ya awali siku hiyo hiyo. Fedha hizo ni michango ya ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao, na likitokea la kutokea mweka hazina ndiye atakayeulizwa.

Twashauri ukaguzi ufanyike jioni, katika saa ambayo sherehe itakuwa imepamba moto. Mchana karibu kila ukumbi hupendeza. Usiku wa Juni au Julai baridi ya Iringa hupenya kwenye madirisha yasiyofunga sawasawa, na wazee hawatavumilia hadi keki ikatwe. Bwalo la zamani lilijengwa kwa ajili ya chakula cha wanafunzi, si kwa muziki. Paa la juu na sakafu tupu hurudisha mwangwi, na maneno ya mshereheshaji yasisikike. Simameni katikati, mpige makofi, msikilize. Ombeni jenereta iwashwe mbele yenu. Ulizeni kama nyaya za jengo zaweza kubeba vyombo vya muziki, taa za mpambaji na majokofu kwa pamoja. Fungueni mabomba ya vyooni. Hesabuni ngazi ambazo bibi wa bwana harusi atalazimika kupanda.

Ulizeni pia kalenda ya masomo. Sherehe iliyopangwa katika juma la mitihani huweza kuzimiwa muziki saa tatu usiku, na uongozi wa chuo utakuwa na haki. Taasisi za dini nyingi haziruhusu pombe. Ni heri kulijua hilo kabla ya kuagiza vinywaji. Mpambaji naye aelezwe mapema mahali asipopaswa kupigilia msumari, kwa kuwa jengo lililotangazwa kuwa kumbukumbu ya Taifa linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Pigeni picha za kuta, viti na vioo siku ya kukabidhiwa. Bila picha hizo, ufa wa miaka 30 waweza kuhesabiwa kuwa wenu na kukatwa katika dhamana ya uharibifu.

Kuhusu fedha tunasisitiza zaidi. Chuo cha umma hupokea malipo kwa namba ya malipo ya Serikali, ambayo wengi huiita kontrol namba. Anayetaka fedha zitumwe kwenye simu yake binafsi, hata akiwa ameshika funguo za ukumbi, asipewe. Kwa mmiliki binafsi, daini stakabadhi ya mashine ya EFD.

Makubaliano ya mdomo nayo huweza kuwa mkataba, ila kuyathibitisha ni kazi kubwa. Kwa hiyo yaandikwe: tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya viti, nani analipia mafuta ya jenereta, na kiasi kitakachorejeshwa iwapo sherehe itaahirishwa kwa msiba. Kipengele hicho cha mwisho husahauliwa mno, kwa sababu hakuna apendaye kutaja msiba katika kikao cha harusi.

Iwapo mmiliki alitangaza huduma ambayo haikuwapo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji huo. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, yakiambatana na mkataba, stakabadhi na picha.