MTAA NAO UNALEA



Mtoto wa shule ya msingi anaposhika mkia darasani, sisi ni wepesi wa kusema ni mvivu au mwalimu hafundishi. Ni nadra kuuliza mtaa anaoishi ukoje. Katika somo hili tutaangalia mambo matatu.

1. Kelele
Mwaka 1975, Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walitoa uchunguzi wao juu ya shule moja ya msingi mjini New York, Marekani, iliyokuwa kando ya reli ya treni. Watoto wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilo hilo. Waliofika darasa la sita walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima. Baadaye reli iliwekewa mpira, na madarasa yakawekewa dari ya kupunguza sauti. Uchunguzi wa 1981 ulikuta pande zote mbili ziko sawa. Basi kasoro haikuwa vichwani mwa watoto, ilikuwa ikiingia dirishani.

2. Maradhi
Huko Busia, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1998 shule 75 ziliingizwa kwa zamu katika mpango wa dawa za minyoo. Edward Miguel na Michael Kremer walieleza mwaka 2004 kwamba kukosa shule kulipungua kwa robo. Hata watoto wasiomeza dawa walipata nafuu, kwani minyoo huenea kwa uchafu wa choo: akipona mmoja, jirani yake naye husalimika. Hata hivyo, alama za mtihani hazikupanda. Afya humfikisha mtoto darasani. Akishafika, bado anahitaji kufundishwa na kudurusu.

3. Hofu
Mwaka 2010, Patrick Sharkey alionyesha kuwa watoto wa Chicago waliopimwa siku chache baada ya mauaji karibu na kwao walipata alama za chini katika msamiati na kusoma, hata kama hawakuyaona kwa macho. Moyo wenye hofu haushiki somo.

Mafunzo tunayoyapata
Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Jibril alimuusia sana juu ya jirani, hata akadhani jirani atapewa fungu la urithi. Pia ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi, ndugu zetu:
- Tupunguze sauti za redio na spika usiku watoto wanapodurusu, hata kama ni kaswida.
- Tusafishe vyoo na mitaro kwa pamoja, na watoto wavae viatu.
- Mwenye taa na nafasi awakaribishe watoto wa jirani wasome.
- Watoto wasindikizwe njia zisizo salama.

Si kila mmoja wetu anaweza kuhama mtaa mbaya, lakini kila mmoja anaweza kuwa jirani mwema. Na wewe mwanafunzi, usikate tamaa kwa sababu ya unakoishi. Tafuta pembe tulivu, usome. Allah atuwafikishe. Amin.

Jipime
1. Kwa nini watoto wa upande wa reli walibaki nyuma?
2. Dawa ya mmoja ilimfaaje jirani yake?
3. Taja udhia mmoja mtaani kwenu, na useme nani ataanza kuuondoa.