Barua ya Fedha Usizozitazamia

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, ikakata nchi hii ya magharibi ambamo leo mna Kaliua. Watemi waliotawala njia walidai hongo. Neno hili siku hizi ni rushwa. Zamani lilikuwa ushuru wa kupita. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa na nguvu hata akaifunga njia hiyo mwaka 1871. Mwenye msafara alitoa nguo na shanga kwa shingo upande. Lakini njia aliiona kwa macho yake.

Leo wako wadai hongo wengine, nao njia hawana. Huandika barua pepe au ujumbe wa simu: “Hongera! Umeshinda shilingi 10,000,000. Tuma kwanza shilingi 20,000 upate kulipwa.” Mtu akituma, huambiwa kuna kodi, akilipa kodi, kuna ada nyingine. Mwisho mjanja hunyamaza, na akiba ya nyumba imekwisha.

Kwa nini hata mwenye akili hunaswa? Kwa sababu barua humkuta katika haja. Mkulima wa tumbaku angojaye malipo yake, akisoma neno “malipo”, moyo hutangulia akili. Tena mjanja hupeleka barua ile ile kwa watu wengi mno. Wakiitika wachache, yamtosha.

Basi, shikeni dalili hizi:

1. Umeshinda bahati nasibu ambayo hukuicheza.
2. Waharakishwa: “Leo hii, kabla ya jua kuchwa!”
3. Waambiwa usimwambie mtu.
4. Waombwa fedha au namba ya siri.
5. Jina ni la benki, lakini anwani iliyoleta barua si ya benki.

Ukiziona, usijibu, wala usibonyeze kiungo kilichomo. Mwonyeshe mzazi au mwalimu. Kama barua yataja benki, mwenye akaunti aende benki mwenyewe akaulize. Ujumbe wa simu wa namna hii hupelekwa kwa namba 15040. Udanganyifu huu ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kumbukeni: akupaye kweli hakuombi kwanza. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Maswali

1. Hongo ya zamani na hongo ya mjanja zatofautianaje?
2. Kwa nini mjanja hataki umwambie mtu?
3. Jirani yako amepata barua kama hiyo. Utamwambia nini?