Hati Zinazolegea Mgongoni

SWALI: Mimi ni karani katika afisi ya wakili. Hati nizifungazo kwa mashine ya mezani, ile ya tepe mbili za plastiki, hulegea baada ya siku chache. Kosa ni la mashine ama ni langu?

JIBU: Aghalabu, ndugu yangu, kosa ni la haraka. Utepe wa kwanza una vijiti vyembamba vipenyezwavyo katika matundu ya karatasi hata vikatokeza katika utepe wa pili, kisha mashine, baada ya kuukandamiza mrundo wote, hukata ziada ya vijiti hivyo na kuziyeyusha ncha zake zikawa vichwa mithili ya ribiti. Basi ukianza kazi kabla mashine haijapata joto kamili, au ukaiondoa hati kabla ya plastiki kupoa, vichwa hivyo havina budi kulegea. Toboa karatasi chache chache, kingo zikiwa zimelingana, wala usizishindilie. Pambizo ya kushoto nayo iwe pana, kwani hati hii haifunguki ikalala bapa. Kwa mkataba hiyo si aibu, bali fadhila: ukurasa haubadilishwi ila kwa kuukata utepe, na khiana hubainika. Rasimu itakayosahihishwa kesho itie katika faili la kawaida.